Ujane Niliopewa na Broka

Nilimchagua yule broka kwa sababu alivua viatu mlangoni. Maisha yangu yote ya ualimu nimewafundisha watoto wa watu kusoma swali mara mbili kabla ya kulijibu, na siku ya kuuza nyumba yangu mwenyewe nikampima mtu kwa soksi zake. Zilikuwa soksi safi. Hasira yangu mpaka leo inaanzia hapo, kwenye zile soksi.

Nyumba yenyewe iko Kibirichia, juu kidogo ya barabara, mahali ambapo ukungu wa asubuhi unaweza kukaa mpaka karibu na saa sita na viazi vinamea bila kubembelezwa. Kiwanja nilinunua mimi kwa mkopo wa walimu, na hati iko kwa jina langu. Aliyejenga ni mume wangu. Hakuwa mtu wa kusimama kando akiwaamrisha mafundi. Fundi alikuwa yeye. Kila jiwe alilichonga kwa nyundo na tindo hapo uani, akifunga kitambaa mdomoni siku zile tu nilipomkumbusha. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Hawakusema aliyeviunda anabaki na nini kifuani.

Vumbi la mawe likishaingia halitoki. Daktari wa Meru mjini alituonyesha picha ya mapafu yake, akatuambia wazi kwamba kupona hatapona, ila baridi ya huku mlimani ndiyo inayommaliza haraka. Akasema tumteremshe, tumpeleke mahali pa joto, huenda akapata miaka yake kadhaa ya kupumua kama binadamu. Tulipofika kituoni mume wangu alisema tu kwamba daktari mwenyewe alionekana hajalala vizuri.

Binti yetu ameolewa Mbeere, kule chini Embu, kwenye pojo na mbuzi na jua lisilo na utani. Tulishuka kumwona mjukuu. Tulikodi chumba sokoni, maana mume wangu alishikilia kwamba mtu mzima halali kwa mkwe wake, mgonjwa au mzima. Baada ya siku chache nikamwona anatembea kutoka sokoni hadi kwa binti yetu, njia ya kupanda, bila kusimama kushika mti. Alifika, akaomba maji, akaanza kumtania mjukuu kuhusu pua yake. Mimi niliingia jikoni nikalia, nikijifanya moshi umeniingia machoni.

Kabla ya kurudi tulikuwa tumeona nyumba ndogo ya vyumba viwili, na mwenyewe, mzee mmoja mpole, akakubali kutungojea. Kukodi mume wangu hakutaka kusikia. Alisema fundi hafi katika nyumba ya kodi, na pensheni yangu kwa kweli ilikuwa inaishia kwenye dawa. Kwa hiyo jambo lilikuwa moja tu: tuuze ya Kibirichia kabla baridi ya Juni haijaingia. Sikuwa natafuta faida. Nilikuwa natafuta pumzi ya mume wangu.

Broka wa kwanza nilimfuata mjini, ofisi ya ghorofani yenye kiti kinachozunguka. Hakuinua macho kutoka kwenye simu. Kabla hajaniuliza nyumba iko wapi, aliniuliza ina shida gani. Nilimwambia nyumba haina shida, mwenye shida ni yeye, nikashuka ngazi. Wa pili alikuwa mama wa kanisani kwetu, anayewauzia watu mashamba kimyakimya na sijawahi kusikia amelaumiwa. Huyo nilimkataa kwa sababu nilidhani kanisa lote litajua tumeuza kwa kiasi gani. Ningecheka, kama kicheko kingekuja.

Wa tatu alipendekezwa na mnunuzi wa viazi. Alikuja asubuhi ya matope akiwa na shati lililopigwa pasi, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akamsalimu mume wangu kwa heshima zote, "Muga, mzee," akaomba tuanze kwa maombi. Kisha alipitisha mkono kwenye kona ya sebule, pale mawe yanapokutana, akasema kwamba aliyejenga hapa hakuwa mtu wa kulipua kazi. Nilimwona mume wangu anakaa wima kwenye kiti. Tangu daktari aonyeshe ile picha, hakuna mtu aliyekuwa amemsifu kwa lolote isipokuwa kumeza dawa.

Alipoondoka mume wangu alisema, "Huyu kijana ana macho."

Macho alikuwa nayo. Tatizo lilikuwa mdomo.

Alitupa masharti yake kama daktari anayeandika dawa. Geti lipakwe rangi. Picha za familia zitolewe ukutani, eti mnunuzi anataka kujiona yeye, si kutuona sisi. Ua wa miti upunguzwe. Yote hayo niliyakubali, nikapanda ngazi mwenyewe kung'oa picha za harusi ya binti yangu. Halafu akanivuta kando, karibu na tangi la maji, akashusha sauti.

"Mwalimu, usinielewe vibaya. Klayenti akiingia asikie mtu anakohoa namna hiyo, atatoka hata kama nyumba ni ya bure. Siku ya kuonyesha, mzee asikuwe."

"Asiwepo aende wapi?"

"Hata kwa stoo tu. Ni dakika kidogo."

Stoo ya viazi iko nyuma ya nyumba. Ina giza, kwa sababu viazi vikiona mwanga vinageuka kijani. Nilimwambia mume wangu nikitarajia akatae, nami nipate sababu ya kukataa. Hakukataa. Alisema kama ndiyo njia ya kufika Mbeere, atakaa na viazi, maana ameshakaa na watu wabaya kuliko viazi. Kwa hiyo kila gari liliposimama getini, fundi aliyejenga nyumba alijifunga blanketi akaingia stoo, akikohoa ndani ya mkunjo wa kiwiko, na watu wageni wakaingia sebuleni kwake kwa mlango wa mbele.

Na mimi je? Mimi nilikuwa mpishi wa chai. "Mwalimu, wewe toa chai tu, bei na stori niachie mimi." Ndivyo wanavyofanya kazi, baadaye nilielewa. Muuzaji na mnunuzi wakizungumza ana kwa ana, broka anabaki bila pa kusimama, kwa hiyo anahakikisha kila mmoja anamjua mwenzake kupitia mdomo wake yeye. Nilibeba sinia, nikasikiliza watu wakiigonga nyumba yangu kwa vifundo vya vidole kama wanaonunua chungu. Mwanamume mmoja alisema angebomoa ukuta wa jikoni. Mwanamke kutoka Kianjai alifungua kabati langu akanusa. Nilikuwa nimeambiwa nisiseme neno, na kwa ajili ya ile njia ya kupanda kule Mbeere ningemeza hata kabati lenyewe.

Kulikuwa na jambo moja lililonishangaza. Watu hao walipoondoka walinishika mkono kwa mikono yao miwili, wakaniangalia kwa huruma kuliko kawaida. Yule mwanamke wa Kianjai, baada ya kunusa kabati, alirudi kwenye gari akaniletea pakiti ya sukari. Nilidhani broka amewaeleza kwamba nina mgonjwa. Nikasema moyoni, kumbe bado kuna watu wazuri, nikaweka sukari kwenye kopo.

Wiki iliyofuata kina mama wa kanisa wakaja.

Nilikuwa jikoni nakanda unga wa chapati. Mume wangu alikuwa amekaa nje kwenye jua dogo tulilopewa siku hiyo, kofia ya sufu kichwani, akitoa minji kwenye maganda yake. Nikasikia wimbo, ule wa polepole ambao kwetu hauimbwi kwa sherehe. Nikachungulia dirishani. Walikuwa wameshaingia getini, kundi zima, wengine wamebeba kuni mgongoni, wengine mitungi ya maziwa, wawili wameshikilia gunia la viazi. Mwenyekiti wao alikuwa mbele, leso mkononi, macho mekundu tayari.

Mume wangu aliweka sufuria ya minji chini, akasimama kwa adabu.

"Karibuni," akawaambia. "Nani amekufa?"

Wimbo ulikatika. Mtungi mmoja ulianguka na maziwa yakakimbia kwenye changarawe. Wawili walioshika gunia waliliacha, wakarudi mbio mpaka barabarani. Mama mmoja mzee alianza kukemea pepo kwa sauti ya juu, mkono umeelekezwa kwa mume wangu, naye mume wangu akageuka kuangalia nyuma yake kama huyo pepo yuko ukutani. Nilitoka na mikono ya unga.

"Jameni, ni nini?"

Mwenyekiti hakunijibu mimi. Alimjibu yeye, kwa sauti ndogo kabisa. "Ni wewe, mzee. Tulisikia ni wewe."

Habari zilitoka soko la Kianjai. Yule mwanamke wa sukari alikuwa amesimulia kwamba ameonyeshwa nyumba nzuri Kibirichia, ya mwalimu mstaafu aliyefiwa na mume majuzi, anauza haraka aende kwa watoto. Kutoka Kianjai maneno yalipanda na wenye pikipiki, na yalipofika kanisani kwetu tayari nilikuwa nimemzika kisirisiri ili niuze kabla ndugu zake hawajajua. Niliona wazi kwamba baadhi ya wale kina mama hawakuja kunifariji. Walikuja kuona kama ni kweli. Mmoja aliniuliza hapo hapo, maziwa yakiwa bado yanatiririka, kwa nini hasa nina haraka ya kuuza. Nilimwambia achukue kuni zake.

Kwetu, kumtaja mtu aliye hai kuwa maiti si kosa la ulimi. Ni laana. Bibi yangu angemtaka aliyesema hivyo alete mbuzi wa kuyasafisha maneno. Nilimpigia broka simu nikiwa bado na unga, nikamwambia kila nilichojua na vingine ambavyo sikujua kwamba ninavijua. Alisema atakuja tuongee vizuri. Kesho yake akaja, akavua viatu mlangoni.

"Vaa," nikamwambia. "Leo utaongea ukiwa umevaa, kwa sababu utatoka mbio."

Hakuvaa. Alikaa, akaweka viganja kwenye magoti, akaanza kunifundisha mimi.

"Mwalimu, skiza kwanza. Mama akiuza nyumba na mzee wake yuko, klayenti anaogopa. Anajua kesho mzee atasema hakukubali. Na mzee akikuwa mgonjwa ni mbaya zaidi. Akienda katikati ya biashara, ndugu zake wanakuja na mapanga, kesi inakaa miaka. Lakini mama mjane, hati iko kwa jina lake, watoto wakubwa? Hiyo inaenda haraka sana. Mimi nilikuwa nawasaidia."

"Ulimuua mume wangu kunisaidia."

"Ni stori tu ya biashara, mwalimu."

"Na sheria? Si mume lazima akubali kwa maandishi?"

"Mume aliye hai, ndiyo." Alisema hivyo bila haya, na nadhani alifurahia jinsi jibu lilivyokaa. "Siku ya kusaini utaapa mbele ya wakili kwamba wewe ni mjane. Wakili ni mtu tunajuana. Ni kijikaratasi tu."

Nimewahi kukasirika maishani. Nimekasirikia wakaguzi wa shule, nimekasirikia wakwe, nimekasirikia mvua. Lakini pale nilijua kwamba nikisimama nitamrushia birika. Kijana aliyekunywa chai yangu alitaka niweke mkono juu, nitaje jina la Mungu, niape kwamba mtu ninayemsikia akigeuka kitandani chumba cha pili hayupo duniani. Tena alidhani ni neema.

Nikamwambia habari za mbuzi. Nilitaka aone haya. Akachukua kalamu mfukoni akaniuliza kama mbuzi anaweza kungoja mpaka tukishauza, amtoe kwenye fungu lake.

Mtu atauliza kwa nini sikumfukuza siku hiyo. Nimejiuliza pia, na jibu halijawahi kunifurahisha. Mei ilikuwa inaisha. Mzee wa Mbeere alikuwa amepiga simu, kwa upole wake ule ule, kutuambia kuna mwingine anayeiulizia ile nyumba. Na broka, alipoona nimefika mwisho, akatoa alichokuwa amekificha: ana mteja wa kweli, mfanyabiashara wa miraa kutoka Laare, anayetaka kuhamisha familia yake mahali penye baridi na utulivu. Ameshaonyeshwa picha, ameipenda. Atakuja Jumamosi na mkewe, na akikubali atalipa mara moja.

"Utamwambia ukweli kabla hajafika getini," nikasema.

"Nitamwambia."

"Niangalie machoni."

Akaniangalia. Macho alikuwa nayo, nimeshasema.

Mume wangu nilimweleza jioni, kila kitu, mpaka kiapo. Nilidhani ataumia. Alicheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikageuka kile kitu kingine kinachomfanya ashike ukingo wa kitanda. Alipotulia alikuwa hacheki tena. Akaniuliza, "Na wewe ungeapa?" Nilimuuliza ananionaje. Akasema ananiona nimechoka. Kisha akaniambia nimtolee suti.

Jumamosi hakuingia stoo. Alivaa suti ya harusi ya binti yetu, iliyokuwa sasa inamning'inia mabegani, akakaa kwenye kiti chake sebuleni na fimbo katikati ya magoti. Gari lilisimama. Kwa dirisha niliwaona wakishuka: mwanamume mnene mwenye koti la ngozi, mkewe mwenye uso wa upole, na broka wetu akiwaongoza huku mkono wake mmoja ukichora hewani, kona ya mawe bila shaka, kazi isiyolipuliwa. Aliingia wa kwanza. Alipoona kiti kina mtu, alisimama ghafla hivi kwamba mteja wake alimgonga mgongoni.

Nikajua hakuwaambia.

"Karibuni ndani," mume wangu akasema, akainuka kwa msaada wa fimbo na kumnyooshea mteja mkono. "Mimi ndiye marehemu."

Mke wa yule mteja alitoa kilio kidogo. Mteja mwenyewe alishika ule mkono, nadhani kwa sababu malezi yalimshinda, akautazama, akamtazama mume wangu, akanitazama mimi niliyekuwa mlangoni na sinia ya chai kama kawaida yangu. Broka alianza kusema kwamba kumetokea kutoelewana kidogo. Mume wangu akamwambia aketi, na akaketi.

Kisha akaeleza yeye mwenyewe, akipumzika kati ya sentensi ili apate hewa. Kwamba hati ni ya mke wake, nyumba aliijenga yeye, anauza kwa sababu kifua chake hakitaki baridi, na yuko tayari kukubali kwa maandishi mbele ya wakili yeyote, leo hii, hata amwite kaka yake ashuhudie. Alisema mengi kuliko alivyokuwa amesema kwa mwezi mzima. Alieleza mpaka jinsi maji yanavyotoka kwenye paa. Nilisimama pale nikiwa na fahari na uchungu vikipigana, chai ikipoa mikononi.

Mteja alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalonichoma zaidi.

"Mzee," akasema, "ungeniambia haya kwa simu, ningekuja na wakili. Mimi sina shida na mtu mgonjwa. Baba yangu mwenyewe alikuwa mgonjwa. Lakini nimeambiwa umekufa. Njiani hapa huyu ametuombea, tumefunga macho ndani ya gari, tumekuombea pumziko." Akageuka kumtazama broka, kisha akarudisha macho kwetu. "Sasa hati nikionyeshwa nitajuaje ni hati? Mtu anaweza kudanganya juu ya maiti, atashindwa na karatasi?"

"Sisi hatukudanganya," nikasema.

"Mama, chai ulitoa wewe."

Wakaondoka. Mkewe alinishika bega alipopita. Broka alitoka nyuma yao akikimbia na viatu mkononi, akiita jina la yule mtu, soksi zake safi zikiingia kwenye matope ya Kibirichia. Hiyo ndiyo furaha pekee niliyoipata kwenye biashara nzima.

Nikaenda sasa kwa yule mama wa kanisani niliyemkataa mwanzoni. Hakunisuta, ingawa alikuwa na haki. Alijaribu. Lakini kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na nyumba yetu ilikuwa imeshatembezwa mpaka ikageuka mzaha. Kila aliyemtajia alimwuliza kama ni ile ya maiti anayesalimia watu. Wengine walikuja kumwona tu mume wangu. Walitazama kuta kidogo, wakamtazama yeye sana, wakaenda. Mmoja alitaka kupiga naye picha. Mzee wa Mbeere alingoja, akangoja, halafu akanipigia kuniambia kwamba amempa yule mwingine, na kwamba anaomba msamaha. Yeye ndiye aliyeomba msamaha. Katika watu wote.

Juni iliingia na ukungu wake. Tulifunga madirisha, tukaweka jiko la makaa, tukalitoa kwa sababu ya moshi, tukalirudisha kwa sababu ya baridi. Binti yetu alipanda kutoka Mbeere kumbembeleza baba yake ashuke akae kwake, mila ziwekwe kando kwa msimu mmoja. Akamwambia mkwe hatajali. Mume wangu akasema anajua hatajali, ni mtu mzuri, na ndiyo maana hatamkosea heshima. Nilimkasirikia pia, sitaficha. Nilimwambia kiburi chake kitaniachia nyumba ya mawe na kitanda kitupu. Alinijibu kwamba mawe angalau ameyapanga vizuri.

Alifariki Julai, asubuhi, hospitalini Meru. Nilikuwa nimetoka kumtafutia uji.

Siwezi kusema broka ndiye aliyemuua. Alikufa kwa vumbi na kwa baridi na kwa ukaidi wake. Lakini kulikuwa na njia moja ya kuteremka kwenye jua, ilikuwa wazi, ukweli mtupu ungetosha kutupitisha, na yule mtu akasimama katikati yake akiuza uongo ambao hakuna aliyeuagiza. Wanaoniambia nisamehe nawajibu kwamba nitaanza na wengine.

Kina mama wa kanisa walikuja tena. Safari hii waliulizia kwanza kwa simu. Walileta maziwa, kuni, viazi, wakaimba wimbo ule ule, na sikuweza kuinua uso kuwatazama. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alifika na vijana wa ukoo. Siku moja kabla ya mazishi, asubuhi, aliniita nje tuchague mahali. Yeye alikuwa ameshapafikiria: kule chini mwisho wa shamba, nyuma ya stoo, palipo na nafasi na pasipoonekana kutoka barabarani. Alisema kwa upole kwamba labda siku moja bado nitataka kuuza, na anajua vile watu wanavyoogopa kaburi. Tulikuwa tumesimama getini, vijana wameegemea majembe, simu yangu ikalia.

"Mwalimu, pole sana, pole kabisa," broka akasema. "Nimesikia leo. Mungu awatie nguvu. Tulikuwa tunampenda mzee."

Niliishika simu sikioni, macho kwenye majembe.

"Mwalimu, sitaki kukusumbua wakati kama huu. Ni ushauri tu, kama mtoto wako. Tafadhali msimzike mbele. Mzikeni kule nyuma kabisa, pandeni hata maua. Kaburi likikaa karibu na geti, hiyo nyumba imekwisha, hakuna mtu atashuka kwa gari. Na unajua sasa mambo yako yamekuwa rahisi, hakuna kuapa, cheti cha kifo kitakuwa cha ukweli. Yule mtu wa Laare naweza kumrudia. Mwalimu? Uko?"

Niliwapita vijana. Nilitembea mpaka pale gari la mgeni linaposimama, hatua chache ndani ya geti, mahali ambapo mtu hawezi kuingia nyumbani kwangu bila kupaona. Nikapiga chini kwa kisigino.

"Hapa," nikamwambia shemeji.

"Hapa mbele? Shemeji, fikiria vizuri."

"Hapa. Chimbeni."

Alinitazama, akatazama nyumba ya ndugu yake, akawapa vijana ishara. Jembe la kwanza liliingia. Kwenye simu yule mtu alikuwa bado anaita, mwalimu, mwalimu, unanisikia. Sikukata. Niliinama, nikaisogeza simu karibu na udongo, nikaishika hapo ili asikie.